Ubao wa Taulo

9 Februari

Mwanangu Vidole,

Marahaba, maana najua umeshaniamkia hata kabla hujafungua bahasha. Mimi sijambo. Goti la kushoto linalalamika asubuhi, mchana linanyamaza. Mama yako alikuja Jumamosi, akanifulia mapazia bila kuombwa, akanisema kwa ajili ya vumbi, kisha akajigonga mguu kwenye kile kiti cha katikati kama kawaida yake.

"Shemeji, hiki kiti kitaniua! Nani anaweka kiti katikati ya sebule kama jiwe barabarani?"

Nikamwambia pole. Akataka akisogeze dirishani, nikamwambia akiache. Akasema tangu dada yake afariki nimekuwa mbishi. Nikamjibu kwamba ubishi ninao siku zote, ni vile tu dada yake alikuwa ananifunika.

Ni miezi minane sasa. Nyumba iko kimya, ila si kimya kibaya. Redio yake sijaigeuza stesheni, kwa hiyo nasikiliza vipindi vya mapishi ambayo sitayapika maisha yangu yote.

Simu uliyoniletea ni nzuri, lakini masikio yangu ndiyo yale. Sauti inanifikia kama mtu anaongea ndani ya pipa. Barua naisoma mara tatu na haibadiliki. Basi niandikie.

Sasa nina swali. Watu wananiuliza unafanya kazi gani huko. Nawajibu "kompyuta," wanatikisa kichwa, na wote tunabaki hatujui. Kinyozi wangu anasema unachora katuni. Ni kweli? Kama ni katuni si aibu, ila niambie nijue la kujibu.

Ni mimi Baba yako Mkubwa, seremala mstaafu wa goti moja.


2 Machi

Baba Mkubwa mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima. Chumba nilichopanga kina dirisha linalotazama ukuta wa kijani, basi nimeanza kuupenda ukuta. Nasikia goti linakusumbua. Usipande ngazi kusafisha mfereji wa bati, nakujua.

Mwambie kinyozi amekaribia. Nachora watu, kweli, ila si wa kuchekesha. Iko hospitali itakayojengwa. Sasa hivi ni michoro tu. Wasanifu wanatuletea hiyo michoro, nasi tunaijenga ndani ya kompyuta: milango, ngazi, korido, mapokezi. Kisha tunaingiza watu wa kuchora, mia mbili, na kila mmoja tunamwambia pa kwenda. Wewe maabara, wewe kwa daktari wa meno, wewe dirisha la dawa. Wanatembea wenyewe. Sisi tunaangalia watabanana wapi na watapotea wapi, kabla tofali la kwanza halijawekwa. Huku kwetu kubomoa ukuta ni kubonyeza kitufe.

Tatizo ni mwendo wao. Wanatembea kama wamemeza rula. Kila mmoja analijua jengo zima tangu mlangoni, anachagua njia fupi kuliko zote, anakwenda, anafika. Watu mia mbili, na hakuna hata mmoja anayesimama kujiuliza yuko wapi. Bosi wetu tumempa jina la Bado Kidogo. Anasimama nyuma ya kiti changu, anakunja mikono, anatazama, anasema, "Bado kidogo," anaondoka.

Tarehe 30 Juni tutawaonyesha wasanifu na watu wa hospitali. Wakiona kila mtu anafika, jengo litapita kama lilivyochorwa. Na mimi hawa watu wangu siwaamini.

Wewe umetundika milango miaka arobaini. Watu wanatembeaje? Na Mama Mkubwa, nakumbuka alikuwa na mwendo wake ule wa taratibu. Ulikuwaje hasa? Miaka yote sita niliyokaa kwenu nilikuwa nauona, sasa najaribu kuukumbuka unanikimbia.

Mwanao, Vidole.


20 Machi

Mwanangu Vidole,

Natumaini barua hii inakukuta salama. Mfereji wa bati nilishausafisha kabla hujanikataza, kwa hiyo sijakuasi. Mama yako hajambo, ana mafua.

Swali lako limenifurahisha. Nimekaa nalo siku nne, nikatoka kwenda kukaa nje ya kituo cha posta kutazama watu, mpaka mlinzi akaja kuniuliza kama nimepotea.

Haya ndiyo niyajuayo. Mtu hapiti katikati ya mlango. Anapita upande wa kitasa, ndiyo maana kizingiti kinalika upande mmoja. Kwenye kona watu hukata kwa ndani, ila yule aliyewahi kujigonga huizunguka kwa mbali, na karibu kila mtu ana kona yake iliyomgonga. Mwenye mzigo kichwani hageuzi shingo, anageuka mwili mzima kama kabati. Anayekwenda kwa daktari anatembea polepole kuliko anayetoka. Na wawili wakikutana koridoni, wote wanakwepa upande mmoja, halafu wote upande wa pili, halafu wanacheka. Hao wa kwako wanacheka? Kama hawacheki, bado si watu.

Mama yako Mkubwa alitembea vizuri.

Kinyozi nimemweleza kazi yako. Ameuliza kama wanaumwa kweli au wanajifanya.

Baba yako Mkubwa.


14 Aprili

Baba Mkubwa mpendwa,

Shikamoo. Mama amenipigia kusema mafua yamekwisha na kwamba kiti kimemgonga tena. Mwambie kinyozi wagonjwa wangu wanajifanya, lakini kwa bidii.

Nimewafundisha kukwepana. Wawili walikwepana kwenye korido ya maabara dakika nne nzima, kulia, kushoto, kulia, hakuna aliyepita. Ofisi yote ilisimama kuwashangilia. Nimewarekebisha, lakini nilisikitika kidogo.

Kisha nikafanya jambo kubwa zaidi. Niliwanyang'anya ule ujuzi wa jengo zima. Sasa kila mtu anajua kile tu anachokiona, na uwezo wake wa kuona nimeupimia: hatua ishirini mbele. Wakaanza kusita, kurudi, kusoma vibao. Bado Kidogo alitazama muda mrefu kabla ya kusema lile neno lake.

Sasa sikiliza. Kuna mmoja, mwanamke wa gauni la bluu. Kwake niliteleza. Badala ya ishirini niliandika mbili. Sikujua, nikaenda kunywa chai. Niliporudi nilimkuta koridoni ameacha katikati, amejisogeza ubavuni, anauambaa ukuta. Akifika kwenye mlango anasita, kama anahesabu, kisha anaendelea. Hachukui njia fupi, anachukua njia yenye ukuta. Mikono yake sikuichorea kushika kitu, lakini mkono mimi niliuona.

Nilisema kwa sauti, "Mama Mkubwa." Mwenzangu wa meza ya pili akauliza, "Nani?"

Nikakumbuka ule ubao wako wa taulo, ulioanzia mlango wa chumba chenu mpaka sebuleni, ambao sikuwahi kuona taulo juu yake hata siku moja. Nikakumbuka alivyokuwa akiniita, "Njoo unitungie uzi, wewe una vidole vyembamba," nami nina miaka kumi na miwili, najiona nimesifiwa, mpaka likawa jina langu. Nikakumbuka alivyoacha kushona akisema uzi umemchosha.

Alikuwa haoni, Baba Mkubwa. Au alikuwa anaona hatua mbili tu. Sivyo? Na wewe ulijua?

Mwanao, Vidole.


6 Mei

Mwanangu Vidole,

Salamu nyingi. Hapa bomba la jikoni liliharibika, likawa linatoa maji linapotaka lenyewe. Fundi alikuja mara mbili. Mara ya kwanza alileta mpira usio wa bomba hilo, mara ya pili akaleta wenyewe. Sasa limepona.

Mvua imenyesha vizuri. Mama yako anakusalimu. Kinyozi naye.

Barua yako niliipata.

Baba yako Mkubwa.


25 Mei

Baba Mkubwa mpendwa,

Shikamoo. Nimefurahi bomba limepona. Mimi nilipata homa ya siku mbili, imeisha, usimwambie Mama.

Nililokuuliza sitauliza tena. Kama nilivuka mpaka, nisamehe. Lakini kuna jambo la kazi ambalo siwezi kuliamua bila wewe.

Hospitali ile ina ukumbi wa mapokezi. Ni mkubwa, mweupe, hauna nguzo, sakafu inang'aa kama sahani. Wasanifu wanaupenda kuliko kitu kingine chochote kwenye jengo. Kaunta ya dawa imesimama peke yake katikati, haigusi ukuta wowote. Ukitoka ukutani mpaka kwenye kaunta ni hatua kumi na tano za sakafu tupu. Watu mia moja tisini na tisa wanavuka bila shida. Gauni la Bluu anaingia, anauambaa ukuta, anauzunguka ukumbi wote, anarudi mlango alioingilia. Anaanza tena. Nilimwacha siku nzima. Dawa hakupata.

Naweza kumrudishia hatua zake ishirini, afike kama wenzake, na jengo lipite. Au nimwonyeshe tarehe 30 kama alivyo. Nikimwonyesha, Bado Kidogo ataniuliza mwendo huu nimeutoa wapi, na mimi unanijua, uongo unanishinda. Nitasema ni wa Mama yangu Mkubwa. Kitu alichokificha miaka yote nitakitoa mbele ya watu ishirini wasiomjua.

Wewe ndiye mwenye kauli. Ukisema hapana, nitamrudishia macho yake siku hiyo hiyo, na sababu sitakuuliza.

Mwanao, Vidole.


12 Juni

Mwanangu Vidole,

Nimefurahi homa imeisha. Mama yako sijamwambia, ingawa ananitazama kama anayejua. Goti langu limetulia kabisa msimu huu, nadhani linaniheshimu kwa sababu nina kazi ya kuandika.

Nilijua.

Nilijua tangu asubuhi moja alipomimina chai pembeni ya kikombe. Chai ikasambaa mezani, naye akasema, "Meza yako imepinda." Meza niliitengeneza kwa mkono wangu, haijapinda mpaka leo. Nikaibeba nje, nikaranda mguu mmoja kidogo, nikairudisha. Nikamwambia, "Kweli, ilikuwa imepinda." Kuanzia hapo ikawa imepinda kweli, ikabidi niweke karatasi chini ya mguu. Utaikuta bado ipo.

Wiki ile nikapata ubao mrefu uliobaki kwenye kitanda cha mteja. Nikauranda, nikaupiga msasa siku tatu, nikaupigilia koridoni. Akauliza, "Wa nini?" Nikasema wa kutundikia taulo. Akasema, "Taulo zote hizo za nani, umeoa wengine?" Lakini tangu siku hiyo hakupita korido bila mkono wake kuwa juu ya ubao.

Ubao uliishia sebuleni. Kutoka hapo mpaka mlango wa mbele ni hatua saba na hakuna cha kushika. Siku moja nilimwona amesimama mwisho wa ubao, mtu anabisha hodi, naye hasogei, anaita tu, "Nakuja, nakuja." Kesho yake nikaweka kiti katikati. Akasema, "Nani kaweka kiti hapa?" Nikasema ni mimi, napenda kukaa hapo kwa ajili ya upepo. Sikuwahi kukikalia. Baada ya siku chache akaniambia, "Mzee, hicho kiti usikitoe. Nimekizoea." Basi. Tangu hapo sikusogeza kitu ndani ya nyumba hii, hata ndoo.

Utauliza kwa nini sikumpeleka hospitali. Alikwenda mwenyewe. Baada ya mazishi, ndani ya kopo lake la vifungo, nilikuta kadi ya kliniki ya macho. Walimwandikia kwamba hayatibiki. Tarehe niliitambua, kwa sababu ilikuwa siku ya kuzaliwa kwako, na alirudi nyumbani akakuokea keki.

Sikukujibu mwezi wa tano kwa sababu niliona nikisema, nitakuwa nimeuvunja mchezo wetu peke yangu wakati yeye hayupo kunikemea. Lakini kuna jambo sikuwahi kumwambia mtu. Wiki yake ya mwisho alinishika mkono akasema, "Ule ubao uliupiga msasa vizuri. Miaka yote hii sijachomwa na kibanzi hata kimoja."

Nikasema, "Ni wa taulo."

Akacheka mpaka akakohoa.

Kwa hiyo nimefikiri. Yeye alificha kwa sababu hakutaka kuhurumiwa. Huyu wa gauni la bluu haombi huruma, anatafuta dawa yake. Mwonyeshe. Macho usimrudishie. Wakikuuliza, usianze na ugonjwa. Sema alikuwa fundi cherehani, na alikuwa na njia yake ya kwenda.

Na ule ukumbi, mwanangu, dawa yake unaijua. Weka kiti.

Baba yako Mkubwa.


4 Julai

Baba Mkubwa mpendwa,

Shikamoo, shikamoo tena. Mimi mzima sana. Nilisoma barua yako nikiwa ofisini, kosa kubwa, ikabidi nijifanye nina mafua ya Mama.

Tarehe 30 walikuja watu kumi na tisa. Wakakaa wakatazama watu wakiingia, wakikwepana, wakicheka. Ndiyo, wanacheka sasa, niliwawekea. Kisha Gauni la Bluu akaingia, akauambaa ukuta, akazunguka, akarudi mlangoni, akaanza tena. Msanifu mmoja akasema, "Hiyo ni hitilafu ya kompyuta, mtoeni." Nyuma kabisa alikuwepo muuguzi mmoja, mama mtu mzima, mkoba mapajani. Akasema, "Hitilafu gani? Huyo namjua. Anakuja kwetu kila siku."

Nikasema, "Alikuwa fundi cherehani." Nikawaeleza, kama ulivyonielekeza, si zaidi.

Kisha nikaweka viti. Mabenchi matano yenye mgongo mrefu, kutoka ukutani mpaka kwenye kaunta, nafasi ya mkono mmoja kati ya benchi na benchi. Gauni la Bluu akafika mwisho wa ukuta, akasimama. Akaliona la kwanza. Akaenda. Akaliona la pili. Baba Mkubwa, watu wazima na tai zao walikuwa wanamhimiza mtu wa kuchora, "Haya mama, bado mawili! Bado moja!" Alipofika, akajipanga foleni nyuma ya mtu mwenye mguu wa plasta. Walipiga makofi. Msanifu yule yule ndiye aliyeuliza mabenchi yawe ya rangi gani yaonekane vizuri sakafuni.

Bado Kidogo alisimama nyuma ya kiti changu, akakunja mikono, akatazama. Akasema, "Sawa." Nina miaka mitatu pale, neno hilo sikuwahi kulisikia.

Nikawatajia na ubao wako, na sasa wanaweka ubao wa kushikia kwenye korido zote. Wakaanza kubishana uwe na urefu gani kutoka chini, kila mmoja na kitabu chake. Muuguzi akasema, "Muulizeni aliyewahi kuutengeneza." Wote wakanigeukia mimi. Basi nakuuliza: ubao wa taulo una kimo gani kutoka sakafuni?

Mwanao, Vidole.


21 Julai

Mwanangu Vidole,

Nimesoma barua yako mara tano, kisha nikamsomea kinyozi, kisha akaisoma mwenyewe kwa wateja. Watu wa kiti cha kunyolea wote sasa wanamjua Gauni la Bluu. Mmoja ameniuliza kama alipona.

Nimepima. Ni sentimita themanini na tatu kutoka sakafuni mpaka juu ya ubao. Hicho si kimo cha kitabuni, ni kimo cha mkono wake akiwa amevaa ndara. Waambie wauondolee pembe uwe mviringo, na msasa wausugue wakiwa wamefumba macho. Hapo ndipo mtu anapojua kama kazi imekwisha.

Nilipokuwa napima niliupitisha mkono wangu kwa mara ya kwanza, tangu chumbani mpaka sebuleni. Kuna mahali patatu vanishi imekwisha kabisa. Pa kwanza ni mlango wa bafu. Pa mwisho ni pale ubao unapoishia, mbele ya kiti. Pa katikati ni mlango wa chumba chako, na hapo ndipo palipolika kuliko pote, mpaka pana shimo la kidole gumba. Nadhani alikuwa akisimama hapo kukusikiliza ukisoma. Mimi sikujua. Hilo alinificha kweli.

Ubao nimeuacha. Kiti nimekihamishia dirishani, na leo ndiyo mara ya kwanza nakikalia. Upepo upo kweli, kumbe sikuwa nimedanganya sana. Mama yako alipokuja aliingia, akafika katikati ya sebule, akainua mguu, akakikwepa kiti ambacho hakipo. Akasimama pale na mguu wake juu.

"Shemeji," akasema, "kiti changu kiko wapi?"

Nikamweleza kilikuwa cha nini. Alikaa chini, kisha akasema, "Na mimi nilivyokitukana!" Tukacheka hadi jirani akachungulia.

Haya mwanangu, kazi njema. Siku wakifungua ile hospitali, kama utapata nafasi, pita koridoni taratibu, weka mkono juu ya ubao, na utukumbuke.

Baba yako Mkubwa.